Mwenyekiti wa wanafunzi Malindi: muguka umenigawia chuo, naombeni ushauri

Kijana_wa_Barani: Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Nasoma chuo kimoja hapa Malindi, jina tuliache. Mwaka huu nimechaguliwa mwenyekiti wa wanafunzi. Sasa uongozi unataka vibanda vya muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa, vilivyo karibu na geti viondoke, na atakayekutwa akitafuna hosteli atolewe hosteli. Baraza la wanafunzi tumeambiwa tutoe msimamo kwa maandishi, mwisho Ijumaa.

Wanafunzi wamegawanyika vibaya. Jumuiya ya Kiislamu na hosteli ya kina dada wanaona marufuku imechelewa. Wenzetu wa Embu na Meru wanasema wanalengwa wao, maana karo zao zinatoka kwenye hayo majani. Grupu la WhatsApp ni matusi mtindo mmoja. Kuna aliyeandika "rudini bara", akajibiwa kwa maneno siwezi kuyarudia. Nikisema, nimeegemea. Nikinyamaza, mwoga. Kiongozi afanyeje? Usingizi sina.

Bibi_Mahamri: Usingizi huna kwa mawazo au kwa hayo majani yenyewe? Nauliza tu mwanangu.

Nahodha_Mstaafu: Pole kijana. Mimi nilikuwa katibu wa wanafunzi enzi za Moi. Ugomvi wetu ulikuwa maharagwe yenye wadudu. Tukagoma, chuo kikafungwa, tukarudishwa kwetu na barua za kutiwa sahihi na wazazi. Babangu aliisoma ile barua akaikunja, akaenda zake pwani kulitia jahazi kalafati, kuziba nyufa za mbao, neno hakunipa. Mafundi wa siku zile walikuwa mafundi, pamba ikipigwa imepigwa. Siku hizi wanajaza gundi tu, mwaka haujaisha chombo kinavuja.

Bibi_Mahamri: Nahodha, mtoto ameuliza habari ya muguka.

Wakili_wa_Kibarazani: Mwenyekiti, umefunga mambo mawili kamba moja. Kibanda kilicho nje ya geti kina leseni ya kaunti, chuo hakina mamlaka nacho. Hosteli ni ya chuo, kinaweza kuiwekea kanuni. Mnakumbuka Mei 2024 Mombasa na Kilifi, kaunti yetu hii, zilipopiga marufuku muguka, Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri zile kwa muda, na serikali kuu nayo inautambua kuwa zao la kilimo. Kwa hiyo anayewaahidi wanafunzi kwamba vibanda vitang'oka kesho anawadanganya.

Kwenye hosteli ndipo baraza lenu lina kazi. Mtu asitolewe chumbani bila kuelezwa kosa lake na kusikilizwa. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema hivyo, na kuna sheria ya 2015 iliyotungwa kukitekeleza. Andikeni hilo. Halafu nikuulize: wewe binafsi una maslahi kwenye hivyo vibanda?

Kijana_wa_Barani: Maslahi vipi?

Wakili_wa_Kibarazani: Ndiyo au la.

Ustadh_Maweni: Hapa hapana cha kupima. Kinacholewesha ni haramu, basi. Vijana wanaamka Adhuhuri, Alfajiri wanaisikia kwa jirani. Kiongozi anayemwogopa kiumbe atamwogopa Mola lini?

Kijana_wa_Barani: Haya. Kibanda kimoja ni cha ami yangu. Na fulana za kampeni alizilipia yeye. Lakini hakuniomba kitu! Ni damu yangu, nani asingesaidiwa na ami yake? Mlezi wa wanafunzi nimeshamwambia kwa mdomo kwamba wanafunzi wengi hawataki vibanda viondolewe. Na ni kweli hawataki, tulipiga kura kwenye grupu.

Wakili_wa_Kibarazani: Grupu lipi?

Kijana_wa_Barani: La timu ya kampeni.

Bibi_Mahamri: 😂😂 Ya Rabi stara.

Binti_wa_Mbeere: Naomba niseme kama mtu wa Embu. Mamangu anachuma muguka tangu alfajiri, majani yangali na umande, kwa sababu gari la Pwani halimngoji mtu na mzigo ukichelewa unakauka. Hayo majani ndiyo yamenisomesha. Lakini sitaki kukanyaga makapi na karatasi za chingamu ya Big G kwenye ngazi za hosteli kila asubuhi, wala kupigiwa mluzi na wanaotafuna hapo. Watu wa bara hatujakaa kikao tukasema tunataka hosteli ziwe maskani. Mmetusemea tu, wanaotutukana na wanaotutetea.

Mwenyekiti, mbona hili halina uzito? Kikao kikianza, waambie wajumbe kibanda ni cha ami yako, iandikwe kwenye kumbukumbu, kisha utoke nje. Makamu aendeshe ajenda hiyo.

Kijana_wa_Barani: Makamu ni wa ule upande wa marufuku. Nikimwachia kiti nimewauza walionichagua.

Mpekuzi_Shella: Jamani mnachezewa. Sheria ya vyuo vikuu ilibadilishwa 2016, viongozi wa wanafunzi wachaguliwe na wajumbe, si umma mzima. Sasa fulana za kampeni alimvalisha nani? Hii ni hadithi. Kesho atakuja na sehemu ya pili.

Nahodha_Mstaafu: Mimi mwanzo niliona hana usingizi lakini sarufi imenyooka.

Kijana_wa_Barani: Nimesema chuo, sikusema chuo kikuu. Chetu ni cha ufundi, ile sheria haituhusu. Tulipanga foleni uwanjani, kila mtu nyuma ya mgombea wake.

Mpekuzi_Shella: Weka picha ya fulana.

Kijana_wa_Barani: Ina sura yangu.

Mpekuzi_Shella: Ziba sura.

Ustadh_Maweni: Hata kama amelitunga, swali la haramu liko pale pale.

Wakili_wa_Kibarazani: Limetungwa au halijatungwa, nimeona baraza la wanafunzi likitoa taarifa "kwa niaba ya wanafunzi wote" na hakuna aliyeulizwa. Siku ya pili chuo kizima kinatoa taarifa ya kupinga taarifa. Andikeni mliyokubaliana, na mliyotofautiana yaandikwe pia, yalivyo. Uongozi hauwezi kuwalazimisha mkubaliane.

Kijana_wa_Barani: Nashukuru wakili, lakini taarifa nimeshaiandika na Ijumaa naisoma mwenyewe. Nilichotaka kujua ni vipi nitawatuliza watu wakishaisikia.

Mpekuzi_Shella: Picha.

Binti_wa_Mbeere: Sikutaka kusema, lakini fulana ninayo. Ya kijani. Mbele sura ya mwenyekiti, mgongoni jina la kibanda na namba ya kulipia.

Mpekuzi_Shella: Ehee!

Kijana_wa_Barani: Dada, hebu njoo faragha tuzungumze.

Bibi_Mahamri: Faragha ya nini? Zungumzeni hapa hapa, chai ndiyo kwanza nimetia.