Tupeane uzoefu: mgonjwa alisema anachotaka moyo ukisimama, hospitali ikafanya kinyume

Mtu wa Kilosa

Wakuu habari za saa hizi. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, naona nilitoe hapa maana najua sipo peke yangu.

Baba yangu alikuwa na saratani ya koo la chakula, ilishasambaa na mwenyewe alijua. Asubuhi moja kwenye raundi alimshika daktari mkono mbele yetu, kwa ile sauti yake ya kukwaruza akamwambia, "mwanangu, siku moyo ukigoma niache niende, usinibonyeze kifua wala usiniwekee mipira." Daktari akaitikia vizuri tu, sawa mzee nimekuelewa, akapita kitanda cha pili. Usiku zamu zikabadilika, moyo ukasimama kweli, wakaja vijana wasiomjua wakambonyeza mpaka mbavu zikalia tukazisikia nje ya pazia. Moyo ukarudi. Akaishi siku chache na mpira mdomoni, hasemi, kila akigeuzwa machozi yanamtoka, ndo akafariki. Wale vijana wa usiku siwalaumu kabisa, walifungua faili hawakukuta kitu na mtu moyo umesimama, hapo unaokoa huulizi. Ninayemuuliza ni yule aliyesikia asubuhi asiandike. Nilipofuatilia, sista wa wodi akasema nimuone daktari, daktari yupo likizo, mganga mkuu akasema tutalifanyia kazi. Mpaka leo kimya.

Karibuni. Kwenu matakwa ya mgonjwa yalijulikanaje, nani aliyaandika, na pakikosewa nani aliwajibika?

bintiMuheza

Pole sana kaka. Kwetu ilikuwa kinyume chake. Mama alilazwa na nimonia, wodini wapo kina Mwanahamisi wawili na vitanda vimepakana. Yule bibi mwingine figo zimeshindwa na watoto wake walishakubaliana na daktari asisumbuliwe tena. Usiku mama kabanwa pumzi, nesi kaja kauliza "huyu ndo Mwanahamisi?" dada yangu kaitika ndiyo, nesi kaangalia karatasi zake akasema kwa upole "mshikeni mkono, muwe naye karibu." Dada akashtuka, karibu vipi, huyu jioni kanywa uji kamaliza bakuli! Akapiga kelele wodi nzima ikaamka, ndo namba ya faili ikaangaliwa, kumbe sio faili lake. Oksijeni ikaletwa hapo hapo, na mama yupo mpaka leo analima.

Mkononi alifungwa kipande cha plasta kimeandikwa jina moja kwa kalamu, na jasho lilishafuta nusu. Hakuna jina la baba, hakuna namba, hakuna mwaka wa kuzaliwa. Tanga nzima Mwanahamisi ni wangapi jamani?

Kumbukumbu

Hili la majina msilione dogo. Novemba 2007 pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, vijana wawili wote Emmanuel, mmoja ana tatizo la goti mwingine uvimbe kichwani, mwenye goti akapasuliwa kichwa na mwenye kichwa akapasuliwa mguu. Yule wa uvimbe alifariki. Tukasema haitarudia, 2018 hospitali ya Kenyatta pale Nairobi wagonjwa wawili wakafungwa lebo zisizo zao, madaktari wamefungua fuvu masaa wanatafuta damu iliyoganda hawaioni, ndo wakajua huyu siye. Akasimamishwa daktari aliyepasua, manesi na mtu wa usingizi, mkurugenzi akapelekwa likizo ya lazima, na madaktari wenzake wakagoma wakisema aliyefunga lebo sio aliyeshika kisu. Mimi nawaelewa. Kuwajibishana kwetu ni kutafuta mtu mmoja wa kutoa kafara, halafu plasta ni ile ile na kalamu ile ile.

Kinachoniuma zaidi, ile orodha ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ya kukagua kabla ya upasuaji, kwamba mgonjwa mwenyewe ataje jina lake, anapasuliwa nini na upande gani kabla hajapewa usingizi, ilijaribiwa hospitali nane dunia nzima na moja ilikuwa Ifakara. Ifakara yetu! Matokeo yalitoka Januari 2009, vifo kwa hizo hospitali zote kwa jumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Yaani dawa ilipimwa nyumbani kwetu.

Mlezi_Cali

Nalea wazee California. Huku kuna karatasi ya pinki inaitwa POLST, inasainiwa na mgonjwa au ndugu yake pamoja na daktari, na sehemu ya kwanza kabisa ni hiyo hiyo, moyo ukisimama ashtuliwe, yaani abonyezwe kifua ili moyo urudi, au aachwe. Walio majumbani wanaibandika kwenye friji, watu wa ambulensi wakifika wanaangalia hapo kwanza.

Ila msidhani huku hawakosei. Pennsylvania nesi alimfunga mgonjwa bangili ya njano akimaanisha huu mkono usitolewe damu, maana hospitali ya jirani anakofanyaga kazi pia ndo ilivyo, kumbe hapo njano maana yake mgonjwa asishtuliwe moyo. Moyo ukasimama na watu nusura wamuache, bahati nesi mwingine akagundua. Hospitali yenyewe ikaripoti, 2005 ikatolewa tahadhari kwa hospitali zote za jimbo, wakaanza kukubaliana rangi. 2008 chama cha hospitali cha Marekani kikahimiza nchi nzima zambarau iwe asishtuliwe, nyekundu mzio, njano hatari ya kuanguka. Hicho ndo ninachokitamani nyumbani, kosa linasemwa kabla halijaua halafu linabadilisha kitu.

Nesi wa Likoni

Mie ni wa Mombasa, nauguza Riyadh. Wazee wetu huogopa kwamba kumwacha mgonjwa ni kumuua na dini haitaki. Huku Saudia iko fatwa ya tangu 1409 Hijria, kama 1988 hivi, madaktari watatu waaminifu na wenye ujuzi wakikubaliana kwamba kumshtua hakutamfaa, yafaa aachwe. Watatu, na kwa maandishi. Si daktari mmoja anong'one na kaka mkubwa kwenye korido.

Mstaafu Wodi 4

Wanangu nimeuguza wodi ya wanaume mpaka nimestaafu, niwaambie kwa nini haiandikwi. Daktari anaogopa. Akiandika "asishtuliwe" halafu kesho anatokea ndugu toka mbali ambaye hajawahi kuja hata kuona mgonjwa, anadai ndugu yangu mmemuua, ile sahihi ndo inamfunga. Kwa hiyo anakwambia "mpelekeni nyumbani akapumzike" na wewe unatakiwa ujiongeze. Wengine hawajiongezi, wanadhani mgonjwa kapata nafuu, wanafurahi wanaita bajaji. Nimeliona hilo mara nyingi mno na liliniumiza kila mara.

Daktari akikubaliana na mgonjwa wenu usimuache apite. Mwambie kwa heshima, "daktari naomba uliandike hapa tukiwepo", iwe na tarehe, saa, jina lake na sahihi, na mgonjwa kama ana nguvu aweke dole gumba. Kisha jioni mfuate nesi anayeingia umuulize kama limo kwenye ripoti ya zamu, maana usiku hakuna anayesoma faili zima. Na mkiona mmedhulumiwa msiishie kwa mganga mkuu, andikeni Baraza la Madaktari, na la Wauguzi kama ni sisi. Ombeni nakala ya faili mapema. Jirani yangu alichelewa, alipokuja na wakili karatasi ya usiku ule haikuwemo.

Mtu wa Kilosa

Mama yangu mstaafu ubarikiwe sana, na wote mliochangia. Naomba unijibu moja, mgonjwa akipewa rufaa, yale matakwa yake yanaandikwa ndani ya barua ya rufaa au yanabaki kwenye faili la kwanza? Shangazi yangu anahamishwa Jumatatu kwenda hospitali ya mkoa, kasema wazi mbele ya watoto wake wote anachotaka, na sitaki afike kule aanze upya kwa watu wasiomjua.