Nimegongwa na lori Chalinze: nimdai nani?

Swali: Ndugu zangu, nilikuwa abiria wa bodaboda lori la mizigo lilipotugonga kwa nyuma, na hadi leo natembelea magongo. Dereva anataka tuyamalize kwa laki tatu. Je, naweza kumdai mwenye lori?

Jibu: Pole sana, ndugu. Usisaini chochote. Kwa sheria za Tanzania, mwajiri huwajibika kwa uzembe ambao dereva wake ameufanya akiwa kazini, na kwa kuwa kila gari la barabarani hulazimika kuwa na bima ya mtu wa tatu (inayowalipa watu wengine wanaodhurika na gari hilo), dai lako lielekeze kwa mwenye lori na kampuni yake ya bima. Tunza PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), ripoti ya polisi na risiti za dawa. Andika namba ya kichwa na ya tela pia, maana mara nyingi hutofautiana.

Jibu: Naongezea kwamba faini atakayotozwa dereva huenda serikalini, si kwako; fidia hudaiwa kwa shauri la madai, linalopaswa kufunguliwa ndani ya miaka 3. Bima wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Muulizaji: Nashukuru. Namba ya tela sikuiandika, ila lori bado liko kituoni.

Jibu: Basi nenda kesho asubuhi, kabla halijaachiwa.