Bodi yangu ya ATmega328P inaanza upya kila relei ikishika, nimekosea wapi?

Fundi_Mayai: Wakuu habari za jioni. Najitengenezea bodi ya ATmega328P, ile chipu ya miguu 28 ya Arduino Uno, kwa ajili ya mashine ya kutotolea vifaranga. Mchoro nachapa kwa printa ya leza, nauhamishia kwenye shaba kwa pasi ya nguo, kisha feri kloridi inamaliza kazi. Toleo la 1 liligoma kabisa. Hili la 2 mezani liko safi, ila nikiliwekea umeme wa volti 12 na relei 2 za volti 5 (swichi zinazovutwa na umeme), kila relei ikishika au ikiachia programu inaanza mwanzo. 7805, ile chipu ya kushusha volti 12 kuwa 5, nayo inachemka, kidole hakikai. Chipu nimeshabadilisha mara 2. Msaada jamani, mayai yanasubiri.

MzeeWaNyaya: Chipu ya 3 usinunue. Tupia picha ya upande wa shaba.

Fundi_Mayai: Hiyo hapo mkuu.

MzeeWaNyaya: Kapasita ya nanofaradi 100, ile ya kutuliza umeme wa chipu, ipo, lakini umeipeleka kule kwenye tundu la umeme. Huko haimsaidii mtu. Ibane kabisa kwenye mguu wa 7 na wa 8. Mguu wa 20, AVCC (umeme wa sehemu ya analogi ya chipu), umeuacha unaning'inia! Uunge kwenye volti 5, nao upate kapasita yake kwenda mguu wa 22. Halafu dayodi za relei, zile za kupitisha umeme upande mmoja tu, sizioni. Koili, waya uliozungushwa ndani ya relei, ikikatiwa umeme inarusha volti nyingi kinyumenyume. Weka 1N4007 kwa kila koili, mstari uelekee chanya.

Jirani07: Si ununue Arduino Nano tu, bodi iliyo tayari, yaishe?

Fundi_Mayai: Nano ninayo kaka. Nataka kujua kwa nini yenyewe haianzi upya kama yangu.

BintiSakiti: Mkondo wa relei unarudi kwa njia ileile nyembamba ya chipu. Njia ya relei na ya chipu zitenganishe, zikutane kwenye 7805 tu. Kuhusu joto: relei mbili zinakula kama miliampia 140, na 7805 inashusha volti 7, yaani karibu wati 1 inageuka joto bure. Bodi umeiweka ndani ya mashine au nje?

Fundi_Mayai: Ndani 😅

BintiSakiti: Kwenye nyuzi 37.5! Itoe. Tumia relei za volti 12, koili zichukue umeme moja kwa moja kabla ya 7805, transista ndiyo iziwashe. Na njia za volti 230 zikae mbali na za volti 5. Hapo kwenye picha zimekaribiana mno, zitakuua wewe kabla ya mayai.

Fundi_Mayai: Mrejesho wakuu. Toleo la 3 lina siku ya 4, halijaanza upya hata mara moja, 7805 ni vuguvugu tu. Kimebaki kimoja: kupakia programu lazima nibonyeze riseti mwenyewe, nikichelewa inakataa.

MzeeWaNyaya: Kapasita ya nanofaradi 100 kati ya DTR (waya wa kifaa cha USB cha kupakia programu) na mguu wa 1, ambao ndio wa riseti, na rezista ya kiloomu 10 kutoka mguu huo kwenda volti 5.

Fundi_Mayai: Imekubali!