Mteja wangu kaletewa CP2000 baada ya benki kuchukua nyumba yake. Nijibu vipi?

Karani wa Columbus (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, usiku wa nne huu sijalala.

Naandaa ritani za kodi hapa Ohio, msimu wa sita sasa. Wateja wangu wengi ni watu wetu: wahudumu wa nyumba za wazee, madereva wa malori, wabeba boksi wa maghala. Kuna dada mmoja benki ilimchukulia nyumba mwaka 2023. Nyumba ilikuwa na thamani ya dola 158,000 na deni lilikuwa 212,000. Benki ikafuta ile tofauti ya 54,000, ikamtumia fomu 1099-C, ile ya taarifa ya deni lililofutwa. Sasa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wamemwandikia barua ya CP2000. Wanasema hizo 54,000 ni kipato na hakimo kwenye ritani, hivyo alipe kodi, faini ya asilimia 20 na riba.

Najua kuna Fomu 982 ya kuomba deni lililofutwa lisihesabiwe kuwa kipato, kwa sababu madeni yake yalikuwa yamezidi mali zake. Nimeshapiga hesabu na inakubali. Swali langu ni moja tu: niiambatishe na jibu la CP2000, au nianze na 1040-X, ritani ya marekebisho? Siku 30 za barua zinaisha wiki ijayo.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Pole kwa huyo dada. Mimi nasema kila siku, tunanunua nyumba huku ili tupige picha tutume nyumbani. Mshahara wa saa, mkopo wa miaka 30, ukiumwa mgongo miezi mitatu umekwisha. Mimi niko kwenye nyumba ya kupanga mwaka wa kumi na moja na sijafa.

Dereva wa I-70
Mkuu, nikichomekea hapo hapo. Mwaka jana nilikuwa na kazi mbili, asubuhi ghalani, jioni kusambaza mizigo. Nilizoea kupata marejesho, safari hii nikaambiwa nadaiwa dola 2,900. Wazee wa kazini waliniambia "kwenye W-4 weka tisa", ile fomu ya kumwambia mwajiri akukate kodi kiasi gani, nikatafuta pa kuandika hiyo tisa sikupaona. Nini kilitokea?

Bibi Hesabu
Dereva, hiyo tisa ilikuwa idadi ya vipunguzo vya makato, na ilikufa mwaka 2020 fomu ilipobadilishwa. Kilichokuumiza ni hatua ya pili ya W-4, ile ya wenye kazi zaidi ya moja. Hukuijaza, kwa hiyo kila mwajiri alikukata kana kwamba yeye ndiye mwajiri wako pekee, na kila mmoja akakupa ile sehemu ya kipato isiyotozwa kodi. Umeipata mara mbili wakati ni yako mara moja. Jaza W-4 mpya kesho.

Karani, nimekuwa wakala aliyesajiliwa na IRS kwa miaka 14. Swali ulilouliza ni jepesi: 982 inakwenda pamoja na jibu la CP2000, kwenye anwani au faksi iliyo kwenye barua, na siku zinahesabiwa kuanzia tarehe iliyochapwa juu ya barua. Ukiona hutawahi, piga namba iliyo kwenye barua uombe muda kabla haujaisha. Ila kuna maswali hukuyauliza. Ritani ya 2023 aliiandaa nani? Na aliyeiandaa aliiona hiyo 1099-C?

Karani wa Columbus
Asante mama. Nadhani hilo halibadilishi hesabu ya 982. Deni limefutwa, mali ni ndogo kuliko madeni, basi. Nipe mwongozo wa kujaza tu.

Bibi Hesabu
Linabadilisha, mwanangu. Jibu.

Karani wa Columbus
Niliandaa mimi, na PTIN yangu, namba ya mwandaaji, ipo kwenye ritani. Fomu niliiona. Aliileta ndani ya bahasha ya kaki pamoja na W-2 mbili, zile fomu za mshahara, akaniuliza, "Kaka, na hii ya benki?" Nikaitazama, nikamwambia haina neno, nyumba si imeshachukuliwa. Nikairudisha kwenye bahasha.

Naomba mnielewe. Ilikuwa mwanzoni mwa Februari. Sebuleni kwangu walikuwepo watu kumi na mmoja, wengine na watoto, na kila mmoja anataka marejesho yake yatoke. Sikukusudia kuficha. Nilichanganya na 1099-A, nikadhani ni taarifa tu kwamba nyumba imebadilisha mikono.

Mjukuu wa Pwani
Haraka haraka haina baraka. Na hiyo ada uliichukua kwa haraka pia?

Bibi Hesabu
Kuchanganya 1099-A na 1099-C kunawatokea wengi. 1099-A inasema mkopeshaji ameichukua mali. 1099-C inasema deni limefutwa, na deni likifutwa sheria inaanza kwa kuliona kuwa kipato. Kisanduku cha 5 kilikuwa na alama? Kinaeleza kama aliwajibika yeye mwenyewe kwa deni. Kama hakuwajibika, hesabu yote inageuka: hakuna kipato cha deni lililofutwa, inabaki faida au hasara ya mauzo tu.

Halafu kuna mlango mwingine kabla ya ufilisi, yaani hiyo hoja yako ya madeni kuzidi mali. Deni la kununulia nyumba ya kuishi lililofutwa mwaka 2023 lina msamaha wake kwenye 982 hiyo hiyo. Mbona umeuruka?

Karani wa Columbus
Kisanduku cha 5 kina alama. Ule msamaha nimeuruka kwa sababu mkopo haukuwa wa kununulia wote. Mwaka 2019 aliukopa upya. Alikuwa anadaiwa 145,000, akachukua mkopo wa 220,000, na ile 75,000 iliyozidi hakuitumia kwenye nyumba ya Ohio.

Bibi Hesabu
Hapo umesoma vizuri. Mkopo ukiwa mchanganyiko, kinachofutwa kinahesabiwa kwanza kuwa kimetoka kwenye sehemu isiyo na msamaha. Sehemu hiyo ni zaidi ya 54,000, kwa hiyo msamaha wa nyumba ya kuishi unamwachia sifuri. Umebaki ufilisi. Weka hesabu yako hapa, bila jina wala kitu cha kumtambulisha.

Karani wa Columbus
Siku moja kabla deni halijafutwa, madeni: nyumba 212,000, gari 11,000, kadi za mkopo 18,000. Jumla 241,000. Mali: nyumba 158,000, gari 9,000, akiba ya uzeeni ya kazini 14,000, vyombo na samani 3,000. Jumla 184,000. Pengo ni 57,000, na deni lililofutwa ni 54,000. Linaingia lote. Kipato sifuri, kodi sifuri.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Na ile 75,000 ilikwenda wapi?

Karani wa Columbus
Mambo ya familia.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Kaka, mimi ni mwanamke wa huku huku. 75,000 za mambo ya familia zina bati na madirisha. Alijenga wapi?

Karani wa Columbus
Morogoro. Nyumba ya vyumba vitatu, ndugu zake wanakaa humo. Hati ina jina lake. Ukiuza leo, labda dola 40,000.

Sikuiweka. Nyumba iliyo nje, mtu anayoimiliki moja kwa moja, haiulizwi hata kwenye zile ripoti za akaunti za nje. IRS hawana macho Morogoro. Na huyu dada hana cha kulipa. Alikuwa analala kwenye kochi la binamu yake na mtoto wa darasa la pili. Mkiniambia niiandike, nani anafaidika?

Bibi Hesabu
Ni kweli haimo kwenye ripoti hizo. Lakini jedwali la ufilisi kwenye Chapisho 4681 la IRS linauliza mali zote, popote zilipo, pamoja na akiba ya uzeeni ambayo wadai wenyewe hawawezi kuigusa. Ukiweka hiyo 40,000, mali zinakuwa 224,000 na pengo linabaki 17,000. Kwa hiyo anasamehewa 17,000 na kipato ni 37,000. Bado ni nafuu kubwa kuliko 54,000 ya IRS.

Sasa fikiria upande wako. Kosa la Februari linaweza kuwa uzembe: adhabu ya mwandaaji ni dola 1,000 au nusu ya ada yake, ipi iliyo kubwa. Hili unalotaka kufanya sasa unalijua, na la makusudi ni 5,000 au asilimia 75 ya ada. Na yeye atakuwa ameidanganya serikali kwa maandishi, wewe ukiwa umemshikia kalamu.

Mjukuu wa Pwani
Ada yenyewe shilingi ngapi mkuu?

Karani wa Columbus
Dola 200. Nilizitoa kwenye marejesho kabla ya kumkabidhi.

Bibi Hesabu
Kabla ya kumkabidhi kwa njia gani? Marejesho yanaingia kwenye akaunti ya mlipakodi.

(Mleta mada alikaa kimya mpaka kesho yake jioni.)

Karani wa Columbus
Yaliingia kwangu. Dola 4,300.

Benki ilikuwa imemfungia akaunti, na nyumba imekwenda hivyo hana anwani. Hundi ya karatasi ingepelekwa kwenye mlango wenye kufuli la benki. Aliniomba mwenyewe. Nilimpa 4,100 taslimu mezani kwangu, akazihesabu mara mbili, na usiku akanitumia ujumbe: "Nimepokea kaka, Mungu akubariki." Ninao mpaka leo. Sikula senti ya mtu.

Ndiyo maana nataka barua hii ijibiwe iishe. Akienda kwa mtu mwingine, swali la kwanza litakuwa namba ya akaunti.

Tomaso Asiyeamini
Wakuu, mnamaliza bando bure. Hii chai. Kajiunga juzijuzi. Dada halali kitandani lakini ana akiba ya uzeeni na nyumba Morogoro. Namba zinakaa sawasawa kama mtihani: 57 bila nyumba, 17 ukiiweka. Kila mkimbana anatoa kipande kingine kama mwandishi wa hadithi za wiki. Ama ni mtu anatafuta wateja kwa kisingizio cha ushauri, ama "dada" ni yeye mwenyewe na benki imemchukulia nyumba. Aweke picha ya CP2000 tuone.

Dereva wa I-70
Hata mimi nilishangaa. Namba zisizo na senti?

Mjukuu wa Pwani
Picha, picha. Aifute jina tu.

Bibi Hesabu
Asiweke picha. Kifungu cha 7216 cha sheria ya kodi kinamfunga mwandaaji anayetoa taarifa za mteja bila idhini: hadi mwaka mmoja jela na faini ya dola 1,000. Ameshasema mengi kuliko ilivyotakiwa. Tomaso, mtu kuwa na akiba ya uzeeni huku analala kwenye kochi ndiyo Marekani yenyewe. Pesa ile ukiitoa kabla ya miaka 59 na nusu, kwa kawaida unatozwa kodi na asilimia 10 juu yake.

Karani wa Columbus
Namba nimezikata zikawa elfu kamili ili asijulikane. Nimejiunga juzijuzi kwa sababu juzijuzi ndipo alipoileta barua. Aliileta ndani ya bahasha ile ile ya kaki. Kwenye kona kuna mwandiko wangu wa Februari ile, kalamu nyekundu: "imekamilika", na alama ya vyema. Aliiweka mezani upande ule ukiwa juu. Nadhani hakukusudia. Sijalala tangu hapo.

Sina haja ya mteja mpya hapa. Anayetaka kuamini aamini.

Tomaso Asiyeamini
Basi nimekaa kimya. Ila ukweli unakuwa hivi hivi, mkuu: ungeuweka wote siku ya kwanza ungekuwa umeshasaidiwa.

Bibi Hesabu
Nisikilize sasa, maana siku zinakwisha. Hufai kumjibia barua hii. Maslahi yako na yake yameshagongana: yeye anahitaji kila kitu kisemwe, wewe unahitaji namba ya akaunti isiulizwe. Mwambie kosa lilikuwa kwenye ritani, lilitokea wapi, na litamgharimu nini. Mkabidhi nakala ya kila kitu. Kuna kliniki za walipakodi wa kipato cha chini, LITC, zinazojibu barua kama hizi bure au kwa ada ndogo, na orodha yake iko kwenye Chapisho 4134. Wakishapata kiasi halisi, anaweza kuomba kulipa kwa mafungu, na hiyo faini ya asilimia 20 wanaweza kuipinga kwa kueleza kwamba alimwonyesha mwandaaji fomu akaambiwa haina neno.

Wewe tafuta wakili wa kodi. Usiniulize mimi kuhusu marejesho yaliyoingia kwako, kwa sababu kifungu cha 6695(f) kinakataza mwandaaji kuyapokea hata kama ameyafikisha, na mambo yakiwa ya jinai mazungumzo yako na wakala kama mimi hayana kinga aliyonayo wakili. Na usirudie kwa mteja yeyote, hata akilia.

Karani wa Columbus
Kliniki itamwambia anishtaki. Kuna fomu yake, 14157-A.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Ipo, na ni haki yake. Mpigie simu, kaka.

Karani wa Columbus
Nimempigia saa hizi. Nimemweleza yote: 1099-C, Morogoro, akaunti. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Ile siku uliponiambia karatasi haina neno, ulikuwa hujui au ulikuwa na haraka?"

Nikamwambia nilikuwa na haraka.

Alinyamaza, nikawa namsikia mtoto anasoma kwa sauti nyuma yake. Kisha akauliza hiyo kliniki inafunguliwa saa ngapi Jumatatu, na kama nitampeleka kwa gari, kwa sababu basi halifiki huko.