Gumzo la Ukoo Wetu wa Tanga: Mlio wa Pedali

Jumamosi asubuhi

Salma: Shikamooni wakubwa wote. Mjomba, ile baiskeli ya marehemu babu imeanza kugonga kila ninapoikanyaga kwa nguvu, hasa nikiwa napanda kilima. Nimezikaza pedali na kuutia mnyororo mafuta, lakini mlio haujakoma. Niipeleke kwa fundi, au lipo ninaloweza kulifanya hapa uani?

Mjomba Hamisi: Marahaba, mwanangu. Usiipeleke kokote kwanza. Ilaze mikono ya pedali sawasawa na ardhi, mmoja mbele na mwingine nyuma, kisha uzibonyeze pedali zote mbili kwa pamoja kwa uzito wako. Zungusha nusu duara, ubonyeze tena. Ukiona mkono mmoja unacheza kidogo kwenye ekseli, jua kwamba kotapini yake, ile pini ya chuma inayoubana mkono kwenye ekseli, imelegea.

Salma: Mkono wa kulia unacheza, Mjomba. Ni kidogo sana, lakini nauhisi kwenye kiganja.

Mjomba Hamisi: Basi ugonjwa umeupata mwenyewe, na hiyo ndiyo nusu ya raha. Sasa legeza nati ya pini, ila usiitoe yote: iache isawazike na ncha, ili nyundo isiharibu nyuzi. Chini ya mkono wa pedali simamisha kipande cha bomba la chuma kilichokita sakafuni, ili pigo liishie kwenye pini na si kwenye gololi za ndani. Kisha piga mara moja kwa nguvu. Vipigo vingi vidogo huipinda pini tu.

Shangazi Mwanaisha: Hamisi, mfundishe mtoto, lakini mwambie pia kwamba beseni la kuoshea vyombo si la kuloweka gololi kwenye mafuta ya taa. Mimi nimeolewa na mtu wa namna hiyo, nayajua. Halafu mkishajitengenezea kila kitu nyumbani, yule fundi wa chini ya mwembe ale nini?

Mjomba Hamisi: Dada, hoja ya beseni naikubali bila ubishi. Hiyo ya fundi naipinga kidogo. Gololi, pini na spoki zote nazinunua kwake, na rimu ikipinda sana nampelekea, kwa sababu jicho lake la kunyoosha rimu mimi sina. Tena yeye ndiye aliyenionyesha kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume na nyingine, siku aliyonikuta naning'inia kwenye spana barazani.

Idi (Dar es Salaam): Mimi nawahusudu, maana baiskeli yangu mpya ina beringi zilizofungwa kiwandani. Ikianza kukwaruza, huwezi kuifungua ukaitia grisi. Unaing'oa na kuweka nyingine. Inakwenda vizuri, sikatai, lakini jioni ya Jumapili sina la kuifanyia zaidi ya kuipangusa vumbi.

Mjomba Hamisi: Hapo ndipo mimi ninapozipenda hizi nzito za zamani, Idi. Habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, unaifungua kwa spana mbili, na ndani yake unakuta gololi 9 za robo inchi kila upande. Unazifuta moja moja, unaziangalia juani. Iliyofifia au yenye kidoa unaitupa, na ni afadhali kuzibadilisha zote za upande huo, kwa kuwa kuukuu na mpya hazibebi mzigo sawa. Unapaka grisi, unazipanga, unazifunika kwa koni, ile nati iliyochongoka inayozibana gololi. Kazi yenyewe sasa ndiyo inaanza: ukikaza koni kupita kiasi, ekseli inakwaruza vidoleni kama mchanga, ukiilegeza mno, gurudumu linayumba. Pale katikati ni padogo mno, tena ukikaza nati ya nje koni nayo husogea, ikakulazimu kuanza upya. Wengi hukasirika hapo. Mimi hapo ndipo ninapovuta kigoda. Ukiipatia, inua gurudumu, lizungushe kidogo na uliache: litapunguza mwendo, upande wa valvu ulio mzito utashuka, utapita, utarudi, utayumba huku na huku, mwisho utatulia chini wenyewe bila kuguswa. Sijui starehe nyingine ya bei hiyo.

Shangazi Mwanaisha: Anazungumzia gurudumu au mjukuu?

Salma: Mjomba, pini imetoka kwa pigo la pili. Ule ubapa wake umeliwa, una mfereji katikati.

Mjomba Hamisi: Hongera sana. Usiirudishe hiyo. Ichukue mkononi uende nayo dukani uilinganishe, kwa sababu unene hutofautiana, na muuzaji atakupa yoyote iliyo karibu naye. Nunua mbili, ubadilishe pande zote. Zikiingia, moja itazame juu na nyingine chini, na kama mikono haijanyooka sawa, upige tupa ule ubapa kidogo kidogo. Ukishaiendesha kidogo, gonga pini tena na uikaze nati, kwa maana mpya hujikalia ndani ikalegea. Na usisahau kupaka grisi, Salma; chumvi ya bahari yetu haimwachi mtu.

Shangazi Mwanaisha: Salma, ukifika dukani ninunulie na ule mpira mdogo wa valvu. Gurudumu langu la nyuma linashusha upepo kila usiku, na asubuhi nalikuta limelala.

Mjomba Hamisi: Dada, kabla hujatumia hela yako, lijaze upepo na uipake valvu mate. Likitoka povu, ni mpira huo. Lisipotoka, ni pancha, na itabidi tyubu uitumbukize kwenye maji uitafute.

Shangazi Mwanaisha: Kwenye maji ya beseni lipi, Hamisi?

Mjomba Hamisi: Lolote utakaloliridhia wewe, dada.

Shangazi Mwanaisha: Limetoka povu. Salma, chukua miwili.