Tupeane uzoefu: walimu wa Lamu na Malindi, mnajuaje kwamba darasa limewaelewa?

Mwanzisha mada, Lamu mjini
Salaam aleikum wenzangu. Kila nikipita nje ya madarasa nasikia "Mmeelewa?" na watoto wanaitikia kwa pamoja "Ndiyo mwalimuuu". Hata yule wa nyuma aliyepotea tangu mstari wa pili ubaoni anaitikia. Tena wakifika Gredi ya 4 masomo mengi yanageuka Kiingereza, na waliokuwa wasemaji hodari wananyamaza ghafla. Leteni yaliyotokea darasani kwenu, nadharia tuiache.

Mwalimu wa sayansi, kisiwa cha Pate
Mimi mtu wa bara, TSC, tume inayoajiri walimu, ndiyo iliyonileta huku. Tulipofikia mwezi na maji ya bahari niliona heri nianze kwa kuwauliza wao. "Leo maji yamejaa saa nane. Kesho je?" Mtoto wa mvuvi mmoja, ambaye muhula mzima hajapata kuinua mkono, akasema karibu na saa tisa. Kwa nini? Kimya. Nikamsubiri. Mwishowe akasema ndivyo baba yake anavyopanga safari, na wenzake wakadakia: bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ni mwezi ukiandama na ukiwa mpevu; maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ni katikati yake. Walijua mengi kunishinda!

Ndipo nikamsimamisha msichana mmoja awe dunia, mwingine amzunguke polepole awe mwezi. Dunia akajizungusha mzunguko kamili, akakuta mwezi keshasogea mbele; ikabidi ajigeuze kidogo zaidi ndipo watazamane tena. "Mwalimu, maji yanaufuata mwezi, ndiyo maana huchelewa!" Yule yule mtoto wa mvuvi. Nikaandika ubaoni: kama dakika 50 kila siku. Yote tuliyazungumza kwa Kiswahili kwanza, kisha tukayaandika kwa Kiingereza, na safari hii walikuwa na la kuandika.

Mzazi, Malindi
Mimi si mwalimu. Mwanangu sikio moja halisikii vizuri, na mwalimu wake alikuwa akieleza huku akiandika, uso ubaoni. Nilimwendea tukazungumza kwa heshima. Sasa anaandika kwanza, anageuka, ndipo anasema. Mtoto kapewa dawati la mbele. Namshukuru sana mwalimu yule.

Mwalimu mstaafu, Malindi
Mwalimu wa Pate, hapo ulipomsubiri mtoto ndipo penye kazi. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alilipima jambo hili: walimu wakishauliza, kwa kawaida husubiri kama sekunde 1 tu. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yakawa marefu na waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Nilipofundisha upande wa Gede, wanafunzi wengi lugha ya nyumbani kwao ni Kigiriama. Nilikuwa nikiuliza, natembea hadi dirishani, narudi. Au nawaacha wawili wawili wanong'onezane kwanza, maana mwenye haya huthubutu akijua jibu si lake peke yake.

Mwanzisha mada
Shukran mwalimu wetu. Na darasa likifurika, aliyepotea unamjuaje?

Mwalimu mstaafu, Malindi
Kabla ya kengele, kila mtoto aandike kwenye kipande cha karatasi jambo moja lililomtatiza. Asiandike jina. Nilikuwa nikiyasoma jioni, na lililotajwa na wengi ndilo nililoanza nalo asubuhi.