Shimo la sisti kwenye taya: nijaze simenti ya mifupa?

MenoLindi:
Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa ni mtu mzima, ana sisti (kifuko chenye majimaji ndani ya mfupa) taya la chini kulia. Ikitolewa litabaki shimo la kama sm 3. Ukuta wa nje umeliwa, kingo nyingine nzima. Wenzetu wa mifupa wana pakiti ya simenti, unga gramu 40 na kimiminika mililita 20. Nijaze nishone, au?

Shangani:
Hapana. Hiyo ni akriliki, yaani plastiki, haigeuki mfupa hata ikae miaka kumi. Inapoganda inachemka: bonge nene hupita nyuzi 70, na mfupa unaanza kufa ukikaa nyuzi 47 kwa dakika moja. Mshipa wa fahamu wa taya uko hapo hapo chini, mgonjwa ataamka mdomo umekufa ganzi. Tena mate yakipenya kwenye mshono, usaha hauishi mpaka uing'oe.

Shimo la namna hiyo mara nyingi hujaa lenyewe. Acha damu igande, funga fizi bila kuivuta, piga eksirei baada ya miezi 6 na 12.

MenoLindi:
Na ile simenti ya kalsiamu fosfeti? Kuna muuza vifaa Dar anayo.

Mikindani_2:
Hiyo ni nyingine kabisa. Haichemki, inaganda kwa joto la mwili, na madini yake yanakaribiana na ya mfupa. Ila haipendi damu: kandamiza kwa gozi (kitambaa cha kufungia vidonda) mpaka shimo likauke, la sivyo inamomonyoka na kutoka kama uji. Usiongeze kimiminika ili ilainike, itaganda dhaifu. Ukishaipachika usiiguseguse, inaingia nyufa. Na usiipe kazi ya kubeba: inavumilia kukandamizwa, ikipindwa inakatika. Taya lililobaki jembamba linataka pleti, yaani bamba la chuma la kulishikilia.

Joto la huku nalo ni adui. Chumba cha upasuaji kikiwa nyuzi 30, muda wa kuifinyanga unapungua sana. Pakiti ilale kwenye chumba chenye kiyoyozi, na usichanganye kabla shimo halijawa tayari.

Shangani:
Mbona hakuna aliyeuliza majibu ya maabara? Nyama yote iende kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10 kwanza, ipelekwe maabara. Ameloblastoma, uvimbe wa taya unaokula mfupa, inajifanya sisti vizuri tu. Ukishajaza, eksirei inaonyesha weupe mtupu, ugonjwa ukirudi pembeni huuoni.

Ikitoka ameloblastoma na kipande cha taya kikakatwa, hapo ndipo ile akriliki ya wenzetu wa mifupa ina kazi: kushikilia nafasi kwa muda, juu ya pleti, hadi siku ya kupandikiza mfupa wa nyonga. Ifinyange na igandie nje ya mdomo, ilainishe kona zote, maana kona kali hutoboa fizi. Vaa glovu mbili na ubadilishe za juu ukimaliza kuchanganya. Kile kimiminika kinapenya mpira.

MenoLindi:
Sawa mkuu. Basi naanza na kipande cha maabara, muuza vifaa asubiri.